Heri, Furaha na Uadilifu: Mafundisho ya Wastoiki Mbele ya Nadharia Kuu za Maadili

1. Utangulizi

Mfasiri anayejaribu kuyaleta katika Kiswahili maandishi ya maadili ya Wagiriki wa kale hafiki mbali kabla ya kukwama penye neno eudaimonia. Kwa kuwa wengi wetu tumeyasoma maandishi hayo kwa kupitia Kiingereza, tumezoea kulifuata neno la Kiingereza na kuandika "furaha". Na hivyo tafsiri ya tafsiri imeingia madarasani bila ya mtu kuihoji. Mwanafunzi huambiwa kuwa kwa Aristotle lengo la maisha ni furaha, kuwa kwa Mill kipimo cha tendo jema ni furaha, na kuwa kwa Wastoiki mtu mwadilifu ana furaha hata akiwa katikati ya mateso. Akiyasikia hayo matatu, mwanafunzi mwenye akili atasema kwamba wa kwanza amenena jambo la kawaida, wa pili jambo la kubishaniwa, na wa tatu upuuzi mtupu. Hukumu hiyo haikutokana na falsafa. Imetokana na tafsiri.

Makala haya yanakusudia kutetea mambo mawili. La kwanza ni la lugha: kwamba neno "heri" linatufikisha karibu zaidi na yale waliyobishania Wagiriki kuliko neno "furaha", na kwamba tukilitumia, mafundisho ya Wastoiki hayaonekani tena kuwa kichekesho. La pili ni la maadili yenyewe: kwamba hata baada ya kueleweka sawasawa, mafundisho hayo yana mpaka wake. Yana nguvu na heshima yanapotamkwa na mtu aliyepatwa na dhiki akijiambia mwenyewe. Hupoteza haki yake yanapotamkwa na aliyeshiba akimwambia mwenye njaa. Mpaka huo hatuna budi kuuona, kwani mafundisho ya kuvumilia hayakosi wanunuzi miongoni mwa wale ambao hawana la kuvumilia.

2. Furaha, raha na heri

Tuanze na maneno. "Furaha" ni hali ya moyo, huja na kuondoka. Mtu hufurahi asubuhi akahuzunika jioni, na anayeweza kutuambia kama anafurahi au hafurahi ni yeye mwenyewe. Aliyelala usingizi mzito hatusemi kuwa anafurahi. "Raha" nayo ina maana ya kupumzika na kukosa udhia, na kwa sababu hiyo iko karibu na mafundisho ya Epicurus (341–270 K.K.), aliyeshikilia kwamba upeo wa ladha ni kuondokewa na maumivu ya mwili na fadhaa ya roho.

"Heri" ni neno la namna nyingine. Kinyume cha furaha ni huzuni, lakini kinyume cha heri ni shari. Tunamtakia mtu heri anapofunga safari au anapofunga ndoa, na tunapomtakia hivyo hatumwombei msisimko wa moyo peke yake. Tunamwombea mambo yake yaende kama yapasavyo kwenda. Tena twaweza kusema juu ya marehemu kuwa mwisho wake ulikuwa wa heri, wala hapana atakayetuuliza alijisikiaje.

Jaribio hili la marehemu lina uzito mkubwa. Katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nicomachus, Aristotle (384–322 K.K.) anaujadili kwa kirefu usemi wa Solon kwamba mtu asihesabiwe kuwa na eudaimonia kabla hajaufikia mwisho wake. Tukiweka "furaha" mahali pa neno hilo, usemi wenyewe hauna maana, kwani hapana mtu anayengojea kufa ili ajulikane kama amefurahi. Tukiweka "heri", usemi unaeleweka mara moja: maisha hayapimwi kabla hayajakamilika.

Yamkini msomaji atapinga kwamba "heri" ina harufu ya bahati na ya baraka inayotoka nje ya mtu. Ni kweli, lakini hata neno la Kigiriki lilikuwa na harufu hiyo hiyo, maana ndani yake limo neno daimon, yaani pepo au nguvu ya kiungu, pamoja na sehemu yenye maana ya wema. Kazi ya wanafalsafa ilikuwa kulichukua neno lililozoeleka na kuuliza: je, heri ya mtu iko mikononi mwa bahati au mikononi mwake? Wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu, kama al-Farabi katika karne ya 10, walilitumia neno saada kwa maana hiyo. Lakini kwa kuwa neno hilo halikuenea katika Kiswahili cha kila siku, "heri" inatufaa zaidi.

3. Nadharia tatu

Baada ya kuyatenga maneno, tuzitazame nadharia tatu ambazo aghalabu huwekwa kando ya Ustoiki.

Kwa Aristotle, heri ni utendaji wa roho kwa mujibu wa uadilifu katika maisha yaliyotimia. Uadilifu ndio nguzo, lakini nguzo siyo nyumba. Mtu anahitaji pia marafiki, kiasi fulani cha mali, watoto wema na afya, kwa kuwa matendo mengi mazuri hayatendeki bila ya vyombo vya kuyatendea. Mfano wake ni Priam, mfalme wa Troy, aliyeishi katika neema kisha akaangukiwa na maafa makubwa uzeeni. Aristotle hasemi kwamba Priam alikuwa mtu duni, bali anakataa kusema kwamba aliyepatwa na mambo kama yale ana heri. Na mahali pengine katika kitabu hicho anawakemea wale wanaodai kuwa mtu anayevunjwa viungo kwenye gurudumu la mateso ana heri mradi tu awe mwema. Wastoiki hawakuwa wametokea bado, lakini ni kana kwamba alikuwa akiwangojea.

Nadharia ya manufaa, iliyopewa sura yake na Jeremy Bentham mwaka 1789 na kutetewa upya na John Stuart Mill mwaka 1861, inafundisha kwamba tendo ni jema kwa kadiri linavyozidisha furaha ya wote wanaohusika nalo, na kwamba furaha ni ladha na kukosekana kwa maumivu. Hapa neno "furaha", au hata "raha", linafaa kabisa. Ubovu wa kulitumia neno moja kwa Aristotle na kwa Mill ni kwamba wanaonekana kubishana juu ya njia ya kufikia mji mmoja, hali miji yenyewe ni miwili. Lakini nadharia hii ina nguvu moja ambayo tutaihitaji baadaye: maumivu ya mtumwa yanahesabiwa sawa na maumivu ya bwana wake, bila ya kupunguzwa kitu.

Immanuel Kant naye anachukua njia ya tatu. Kwake, kitu pekee kilicho chema bila ya sharti lolote ni nia njema, na tendo lina thamani ya kimaadili pale linapotendwa kwa sababu ya wajibu. Furaha haikatazwi, lakini haiwezi kuwa msingi. Linalotupasa ni kustahiki furaha, kuipata ni jambo jingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1788 juu ya akili ya kutenda, Kant aliwahukumu Wastoiki na wafuasi wa Epicurus kwa pamoja. Makosa yao, kwa maoni yake, ni kuvifanya vitu viwili kuwa kimoja. Mfuasi wa Epicurus anasema kwamba kuifuata njia iletayo furaha ndiko kuwa mwadilifu. Mstoiki anasema kwamba kuutambua uadilifu wako ndiko kuwa na furaha. Kant anashikilia kwamba viwili hivyo ni tofauti kwa asili, na kwamba katika dunia hii hapana dhamana ya kukutana kwao.

La kuangaliwa hapa ni kuwa furaha anayoizungumzia Kant ni kutoshelezwa kwa matamanio yetu yote. Akiwa na maana hiyo mkononi, ana haki ya kusema kwamba uadilifu hautoshi, kwani hapana asiyejua waadilifu wengi wasiopata walichokitamani. Lakini Wastoiki hawakuahidi kutoshelezwa kwa matamanio. Waliahidi heri. Mshale wa Kant umerushwa kwa ufundi, ila sehemu yake kubwa imepita kando.

4. Dai la Wastoiki

Zeno, mzaliwa wa Citium katika kisiwa cha Kipro, alianza kufundisha mjini Athens yapata mwaka 300 K.K. katika ukumbi wenye nguzo uliopambwa kwa michoro. Na neno la Kigiriki la ukumbi wa namna hiyo, stoa, ndilo lililowapa wafuasi wake jina. Dai lao kuu ni fupi: chema ni uadilifu peke yake, na kiovu ni upotovu peke yake. Uhai, afya, mali na sifa si vyema. Mauti, maradhi, ufukara na aibu si viovu. Vyote hivyo huviita adiaphora, yaani visivyo vyema wala viovu.

Hoja yao si ya kudharauliwa. Chema, wanasema, ni kile ambacho tabia yake ni kufaa daima, kama ambavyo tabia ya moto ni kutia joto wala si kutia baridi. Lakini mali yaweza kutumika vizuri na yaweza kutumika vibaya, na afya vile vile. Kitu kinachoweza kumwangamiza mwenye nacho hakiwezi kuwa chema kwa nafsi yake. Kinachobaki ni ile hekima inayovitumia vitu hivyo, pamoja na ushujaa, kiasi na haki. Maisha yanayoongozwa na hekima hiyo ndiyo Zeno aliyoyaeleza kwa mfano wa mto unaokwenda bila ya kukwama.

Kutokana na hayo twaona kwa nini "furaha" iliwaponza Wastoiki katika tafsiri. Hawakusema kwamba mtu mwadilifu anayeteswa anafurahia mateso. Walisema kwamba mateso hayakiondoi kile kinachoyafanya maisha yake kuwa maisha mema. Furaha yenyewe walikuwa na neno lake mbali, chara, nao waliiweka miongoni mwa hisia njema zinazofuatana na uadilifu, kama kivuli kinavyoufuata mti. Seneca, alipomwandikia rafiki yake Lucilius juu ya jambo hilo, alieleza kwamba furaha ya kweli ni jambo zito, wala si kicheko.

Methali yetu inasema kuwa subira yavuta heri. Msemaji wa methali hiyo anaiona subira kama kamba, na heri kama chombo kilicho mbali baharini. Anayevuta bila ya kuchoka mwishowe atakipata. Aristotle angeikubali, ila angeongeza kwamba pengine kamba hukatika. Kant angesema kwamba wajibu wetu ni kuvuta, chombo kije kisije. Mstoiki peke yake angeigeuza methali: heri haivutwi na subira, bali imo ndani ya kule kuvuta. Tofauti ya nadharia hizi haionekani kwa uwazi zaidi ya hapo.

5. "Heri hiki kuliko kile"

Pingamizi la kale dhidi ya Wastoiki ni kwamba, ikiwa afya na maradhi si jema wala ovu, mtu mwenye hekima hana sababu ya kuchagua lolote. Aristo wa Chios, mwanafunzi wa Zeno, alilikubali tokeo hilo na kusema kwamba baina ya vitu hivyo hapana tofauti yoyote. Wenzake hawakumfuata. Chrysippus, aliyekiongoza chuo hicho hadi kufa kwake mwishoni mwa karne ya 3 K.K., alifundisha pamoja na wengine kwamba baadhi ya vitu hivyo vinastahili kutangulizwa na vingine kuepukwa, kwa kuwa ndivyo maumbile yetu yanavyotuelekeza, ingawa kuvipata au kuvikosa hakuongezi wala hakupunguzi heri.

Mabingwa wengi wameiona tofauti hii kuwa ujanja wa maneno: afya isiitwe njema, iitwe yenye kutangulizwa, kisha itafutwe vile vile! Lakini mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya kutoharakia hukumu hiyo. Lugha yetu inalitumia neno "heri" kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni jina, kama tulivyokwisha kuona. Namna ya pili ni ya kulinganisha, nayo tumeirithi pamoja na neno lenyewe kutoka Kiarabu: heri nusu shari kuliko shari kamili. Nusu ya shari si heri hata kidogo. Ni shari. Hata hivyo twaipa neno "heri" pale tunapoilinganisha na iliyo kubwa zaidi, na hapana anayedhani kuwa tumejipinga. Mzungumzaji anajua, pasipo kufundishwa na Chrysippus, kwamba kukichagua kitu si sawa na kukitangaza kuwa ndicho kiini cha maisha mema.

Mfano wa mpiga mshale, ambao Cicero aliutumia alipoyaeleza mafundisho haya, unasaidia hapa. Mpiga mshale hufanya kila lililo katika uwezo wake ili aipate shabaha. Lakini upepo ukiubeba mshale, ufundi wake hauna ila. Shabaha inatafutwa kwa dhati, na hata hivyo lengo la mwisho ni kupiga vizuri, si kupata.

6. Nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu

Mpaka hapa tumewatetea Wastoiki. Sasa tuwaulize swali ambalo, kwa maoni yetu, hawakulijibu kwa ukamilifu. Mtu ameporwa shamba lake na jirani mwenye nguvu. Mstoiki atasema kwamba mporaji ametenda dhuluma, na kwamba dhuluma hiyo ni uovu wa kweli, maana ni upotovu wa roho yake. Vema. Lakini aliyeporwa amepatwa na nini? Shamba halikuwa jema. Kulikosa si ovu. Heri yake haikuguswa. Kwa hesabu hiyo mtu aliyepata hasara kubwa ni mporaji! Wastoiki wanaweza kujibu kwamba haki inatutaka tugawane kwa usawa vitu vyenye kutangulizwa. Jibu hilo linaeleza kosa la mporaji, lakini halielezi haki ya aliyeporwa ya kulalamika.

Ni hapa ambapo nadharia nyingine zinarudi na nguvu zao. Mill atasema kwamba malalamiko yanatokana na maumivu, na maumivu ya mtu huyu yana uzito sawa na ya mtu yeyote. Kant atasema kwamba mtu huyu amefanywa chombo cha matakwa ya mwingine, na utu wake hauruhusu. Aristotle atasema kwamba amenyang'anywa kitu ambacho bila yake matendo mengi mema hayamkiniki. Wote watatu wana la kusema juu ya "yeye". Mstoiki ana la kusema juu ya "mimi".

Historia yao wenyewe inathibitisha. Marcus Aurelius, kaisari wa Roma tangu mwaka 161 hadi 180, aliyaandika mawazo yake kwa ajili ya nafsi yake, si kwa kuwahubiria raia. Katika zama zetu, rubani Mmarekani James Stockdale, aliyetunguliwa Vietnam mwaka 1965 na kuachiliwa mwaka 1973, alieleza jinsi mafundisho ya Epictetus yalivyomshikilia katika miaka ya kifungo na mateso. Alikuwa akijisemea mwenyewe. Nasi pwani yetu inao mfano ulio karibu kwa umbo ingawa msingi wake ni mwingine: katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anayatazama magofu ya Pate na kuufundisha moyo wake mwenyewe usidanganyike na dunia. Yeye anategemea akhera, ambayo Wastoiki hawakuitegemea. Lakini kama wao, anamshitaki kwanza anayesema.

Kinyume cha hayo ni Seneca, mtu aliyejikusanyia mali nyingi mno alipokuwa mshauri wa Nero. Barua yake ya 47 ni miongoni mwa maandishi ya kiutu ya zama zile: anamsifu Lucilius kwa kuishi na watumwa wake kwa wema, na kumkumbusha kwamba nao ni watu. Lakini hakudai utumwa ukomeshwe. Kwa nini adai, ikiwa utumwa wa mwili haugusi heri? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; na falsafa isiyoihesabu njaa kuwa ovu humrahisishia mwenye shibe kutojua.

Itasemwa kwamba Epictetus naye alifundisha wengine. Ni kweli, lakini Epictetus alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, na vijana waliomsikiliza Nicopolis walikwenda kwake kwa hiari yao. Itasemwa pia kwamba Wastoiki hawakuwa watu wa kunyamaza mbele ya dhuluma. Hilo nalo ni kweli: Thrasea Paetus alihukumiwa kifo mwaka 66 kwa kukataa kumsujudia Nero kwa maneno na kwa ukimya wake, na Helvidius Priscus, mkwewe, aliuawa katika enzi ya Vespasian. Lakini tuangalie ushujaa wao ulivyokuwa. Walihatarisha vyao wenyewe, na kwao walivihesabu kuwa si vyema wala viovu. Hawakumtaka mtu mwingine ayahesabu maisha yake hivyo kwa niaba yao.

7. Tamati

Kwa sarufi yetu, neno "nafsi" lina maana ya roho ya mtu, na pia ndilo linalotaja msemaji, msemeshwa na msemwa. Tukiruhusiwa kuliazima kwa maana zote mbili, twaweza kusema kwamba Ustoiki ni maadili ya nafsi ya kwanza. Mgonjwa akijiambia kwamba maradhi hayakuigusa heri yake, amesema neno kubwa ambalo Aristotle hakumwachia nafasi ya kulisema, na ambalo Mill na Kant, kila mmoja kwa sababu zake, hawalifikii. Tabibu akimwambia mgonjwa neno hilo hilo ili asimtafutie dawa, neno ni lile lile, lakini limekuwa uongo.

Basi walimu wa maadili, na hasa sisi tunaoyafundisha kwa lugha ya Kiswahili, tuna wajibu wa aina mbili. Tuwatafsirie Wastoiki kwa haki, kwa "heri" na si kwa "furaha", ili wanafunzi wetu wasiwacheke watu ambao hawakusema wanayosingiziwa. Kisha, kila yanapotajwa mafundisho ya uvumilivu, tuwafundishe kuuliza ni nani anayesema, na anamwambia nani.